Kununua Trekta Kuukuu: Jekundu au la Buluu?

Mtu wa Ufipa akienda mnadani kununua ng'ombe wa plau hanunui kwa kutazama rangi ya ngozi. Humfungua mdomo akatazama meno. Humtembeza. Hutazama kwato, kisha hutazama shingo pale nira inapokaa. Huuliza pia: ng'ombe huyu alilima wapi mwaka jana? Lakini mtu huyo huyo, akienda kununua trekta, mara nyingi hutazama rangi tu. Trekta limepakwa rangi mpya, matairi yanang'aa, basi fedha zinahesabiwa.

Nasema hivyo kwa sababu niliona. Katika kituo kimoja cha kisomo ninachokisimamia, wanakikundi walichanga fedha za mahindi wakanunua trekta kuukuu. Wanne kati yao waliuza ng'ombe wao wa plau ili watimize mchango. Mimi ndiye niliyewaandikia mkataba. Niliuandika kwa mwandiko mzuri, nakala tatu, na kila mmoja akaweka sahihi yake mwenyewe. Hakuna aliyeweka dole gumba. Tulifurahi sana siku hiyo.

Trekta lilianza kulima Novemba. Wiki ya pili ya Desemba likasimama katikati ya shamba. Gia zilikuwa zimekatika meno. Kipuri kilitafutwa Sumbawanga, kikatafutwa Mbeya, mwisho kikapatikana Dar es Salaam. Kilipofika, mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Wale wanne walilima kwa jembe la mkono mwaka ule, maana ng'ombe hawakuwapo tena. Katika mkataba wangu mzuri hapakuwa na neno hata moja juu ya gia wala juu ya vipuri.

Tangu hapo nimekaa sana na mafundi nikiwauliza maswali. Somo hili ni yale niliyojifunza.

MATREKTA MAWILI

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi chenu kina watu 16. Kila mmoja ametoa Sh. 1,500,000. Jumla mna Sh. 24,000,000. Mashamba yenu yote kwa pamoja ni ekari 60. Trekta jipya hamliwezi kwa fedha hizo. Mmesikia kwamba yapo matrekta mawili makuukuu yanayouzwa. Moja ni jekundu, lipo Laela. Jingine ni la buluu, lipo Sumbawanga mjini.

Jekundu ni Massey Ferguson 135. Trekta hili lilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1964 katika mji wa Coventry, Uingereza, likaendelea hadi miaka ya 1970. Injini yake ni Perkins ya dizeli yenye silinda 3. Ina nguvu kama za farasi 45.

La buluu ni Ford 5000. Nalo ni la Uingereza, lilitengenezwa Basildon kuanzia miaka hiyo hiyo hadi mwaka 1975. Injini yake ina silinda 4. Mwanzoni ilikuwa na nguvu za farasi 65, na kuanzia mwaka 1968 kama 75.

Kwa hiyo matrekta yote mawili ni wazee. Yana umri wa miaka 50 hivi, au zaidi. Trekta la umri huo linaweza kulima vizuri likitunzwa. Lakini halisameheani na mtu asiyelijua.

Jambo moja la kwetu msilisahau. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini huhitaji hewa ili kuunguza dizeli. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu hupungua. Trekta la farasi 45 likilima hapa Ufipa hutoa nguvu kama za farasi 38 tu. Lile la farasi 75 hutoa kama 64. Muuzaji akikwambia, "Trekta hili nililiona likivuta jembe la sahani 3 kule Morogoro bila taabu," huenda hasemi uongo. Lakini wewe hulimi Morogoro.

TEMBEA NA KARATASI

Watu wengi huuliza kwanza, "Lipi lina nguvu zaidi?" Swali hilo ni la tatu au la nne. Swali la kwanza ni hili: likiharibika mwezi wa Desemba, kipuri chake kiko wapi?

Hapa kisomo chako kina kazi. Chukua karatasi na kalamu. Upande wa kushoto andika majina ya vipuri saba: seti ya ringi za pistoni, gasketi ya silinda hedi, sahani ya klachi, pampu ya maji, nozeli, chujio la dizeli, na sili za haidroliki. Karibu yake chora safu mbili. Safu moja ni ya trekta jekundu, nyingine ni ya trekta la buluu. Kisha nenda dukani. Anza na Sumbawanga. Kama una ndugu Tunduma au Mbeya, mpigie simu naye aulize huko. Kila kipuri uliza: kipo sasa hivi? Ni shilingi ngapi? Kama hakipo, kitachukua siku ngapi? Usikubali jibu la "kinapatikana tu". Andika siku, andika shilingi. Mwenye duka akisema kipo, mwambie akioneshe.

Mimi nina mawazo yangu juu ya karatasi hiyo itakavyojaa. Jina la Massey Ferguson linaendelea kutengeneza matrekta hadi leo. Tena injini ya Perkins ya silinda 3, ndugu wa ile iliyomo katika trekta jekundu, iliendelea kuwekwa katika matrekta ya Massey Ferguson 240 yaliyotengenezwa Pakistan. Kwa hiyo vipuri vingi vya injini hiyo havikukoma kutengenezwa. Ford wao waliacha kazi ya matrekta. Mwaka 1991 kazi hiyo iliingia mikononi mwa Fiat, na matrekta ya buluu unayoyaona sasa huitwa New Holland. Vipuri vya Ford 5000 vipo duniani, tena vingi. Lakini duniani si Laela. Hata hivyo, msiniamini mimi. Iaminini karatasi yenu.

Jambo hili la vipuri liliwahi kuishinda hata serikali kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, kwanza Kongwa katika Dodoma, halafu Urambo na Nachingwea. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha karibuni na matrekta mapya yalikuwa haba. Wakanunua matrekta makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine yalitoka mbali huko Ufilipino. Yakaja na kutu. Karakana hazikutosha, vipuri havikuwapo, madereva walikuwa wamefundishwa kwa muda mfupi. Matrekta mengi yakafa porini kabla ya kung'oa visiki vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Wao walikuwa na wahandisi na meli. Ninyi mna Sh. 24,000,000.

Baadaye, katika miaka ya 1980, matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa hapa hapa nchini, Kibaha. Yalikuwa matrekta imara. Leo ukilipata moja linauzwa rahisi, jiulize kwa nini ni rahisi.

Swali la pili ni la fundi. Je, yuko fundi wa karibu aliyewahi kufungua injini ya aina hiyo na kuirudisha ikafanya kazi? Mtafuteni kabla hamjanunua. Mlipeni siku moja aende nanyi kulitazama. Fedha ya siku moja ya fundi ni ndogo. Lakini fundi huyo asiwe ndugu wa muuzaji, wala asiwe yule anayepewa chochote na muuzaji mkinunua.

FIKENI ALFAJIRI

Mnapokwenda kulikagua trekta, fikeni mapema. Asubuhi ya Ufipa ni ya baridi, hasa Juni na Julai, na baridi hiyo ni rafiki yenu. Injini nzima huwaka hata ikiwa baridi. Injini iliyochoka husumbua. Wauzaji wajanja hulijua hilo. Wanaliwasha trekta kabla hamjafika ili mkute injini ina joto. Basi kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja chako juu ya injini. Ikiwa na joto, sema kwa upole, "Mzee, tutarudi kesho."

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si ajabu katika injini ya dizeli. Lakini oili ikiwa na rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya oili. Huo ni ugonjwa mkubwa. Kisha fungua kifuniko cha redieta, injini ikiwa bado baridi. Usifungue ikiwa moto, maji yatakurukia usoni. Tazama kama juu ya maji kuna mafuta yanayoelea. Kama yapo, maji na oili vinakutana mahali fulani.

Sasa mwambie awashe. Tazama moshi unaotoka kwenye bomba. Moshi mweupe kidogo asubuhi, ukiisha baada ya dakika chache, hauna neno. Moshi mweupe usiokwisha ni dizeli isiyoungua vizuri, au ni maji. Moshi mweusi trekta linapovuta mzigo ni dizeli nyingi kuliko hewa. Huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli zimechoka. Hilo hutibika. Moshi wenye rangi ya buluu ni oili inayoungua, maana yake ringi na silinda zimelika. Hilo nalo hutibika, lakini kwa fedha.

Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Kikitoa pumzi nyingi yenye moshi, kama mtu aliyepanda mlima wa Mbizi akikimbia, ringi zimekwisha.

Hapa kuna tofauti kubwa kati ya trekta jekundu na la buluu, nayo haionekani kwa macho. Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka ndani ya tundu la silinda. Tundu hilo hulika kwa miaka. Katika injini ya Perkins ya trekta jekundu, tundu limevikwa bomba la chuma ambalo mafundi huliita slivu. Slivu ikilika, fundi huitoa akaweka mpya, na bloku ya injini inabaki ile ile. Katika Ford 5000, tundu limechongwa moja kwa moja katika bloku. Halina slivu. Likilika, bloku lazima ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga. Tena injini hizo za Ford zina ugonjwa unaojulikana na mafundi wengi. Maji yanayopoza injini hula ukuta wa silinda kidogo kidogo kwa nje, mpaka yanatoboa vitundu vidogo kama vya sindano. Maji huingia kwenye oili. Ndipo mnaona ile chai ya maziwa. Maji ya redieta yakitunzwa kwa dawa yake, ugonjwa huu huchelewa sana. Lakini nani atakwambia kwamba kwa miaka yote hiyo maji yalitunzwa? Wengi wetu hutia maji ya mtoni.

Sitaki mdhani kwamba Ford 5000 ni trekta baya. Ni trekta lenye nguvu, na wakulima wengi duniani wanalipenda hadi leo. Nasema tu kwamba ugonjwa wake mkubwa unatibiwa mbali na nyumbani.

Baada ya injini, mjaribu haidroliki. Fungeni jembe nyuma, liinueni, kisha zimeni injini. Kaeni mnywe togwa. Baada ya nusu saa tazameni. Jembe likiwa limeshuka kidogo, sawa. Likiwa limelala chini, sili au pampu zimechoka. Kanyageni breki, kushoto peke yake na kulia peke yake. Tingisheni magurudumu ya mbele. Muombeni muuzaji mlime ekari moja kweli, hata kama ni ya jirani, kwa dizeli yenu. Trekta linaloringa barabarani huweza kuaibika shambani. Lile la kikundi cha kituo changu halikujaribiwa shambani hata hatua kumi.

Kama trekta jekundu lina mkono wa ziada wa gia ulioandikwa Multi-Power, sikilizeni sana. Mkono huo una nafasi ya juu na nafasi ya chini. Ukiwa katika nafasi ya chini, injini haizuii magurudumu mnapoteremka. Trekta hukimbia lenyewe. Dereva anayeteremka kutoka uwanda wa juu kwenda Bonde la Ziwa Rukwa, tela limejaa magunia nyuma, na mkono uko chini, amejiweka katika hatari kubwa. Kabla ya mteremko auweke katika nafasi ya juu, naye awe katika gia ndogo. Mwambieni dereva wenu maneno haya kabla hajashika usukani, si baada ya ajali.

Matrekta mengi ya miaka hiyo hayana fremu ya chuma juu ya kiti. Trekta likipinduka, humlalia dereva. Uingereza walianza kulazimisha vibanda vya usalama kwa matrekta mapya mwaka 1970 kwa sababu wakulima wengi walikufa hivyo. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anaweza kuwatengenezea fremu. Na mtoto asikae juu ya matagadi, hata akilia.

HESABU YA EKARI

Sasa tuje kwenye nguvu. Bei nitakazotaja hapa ni za mfano tu. Ninyi tieni bei za kijijini kwenu.

Tuseme siku nzuri za kulima katika msimu ni 40. Trekta jekundu, likivuta jembe la sahani 2, lilime ekari 4 kwa siku. Hizo ni ekari 160. Ondoeni ekari 60 za wanachama. Zinabaki ekari 100 za kulimia watu wengine. Tuseme bei ya kulima ni Sh. 60,000 kwa ekari.

Gharama je? Dizeli lita 8 kwa Sh. 3,000 ni Sh. 24,000. Dereva na msaidizi wake Sh. 5,000. Oili, na akiba ya vipuri, Sh. 10,000. Jumla ni Sh. 39,000. Kwa hiyo katika kila ekari kinabaki Sh. 21,000. Ekari 100 zinaleta Sh. 2,100,000 kwa msimu. Wanachama nao walipe ile Sh. 39,000 kwa ekari zao. Wasilimiwe bure, kwa maana dizeli haitolewi bure.

Trekta la buluu, likivuta sahani 3, lilime ekari 7 kwa siku. Kwa siku 40 ni ekari 280. Ondoeni 60, zinabaki 220. Tukisema gharama ni zile zile, faida ni Sh. 4,620,000. Hapo la buluu linashinda, tena kwa mbali.

Lakini je, hizo ekari 220 zipo? Ufipa ni nchi ya ng'ombe wa plau. Katika vijiji vingi jirani yako ana jozi yake ya ng'ombe, au anakodi jozi ya shemeji. Huyo hatakulipa Sh. 60,000. Piteni nyumba kwa nyumba na daftari, mwandike jina la kila anayesema atakodi, na ekari zake. Wanaosema "nitakodi" punguzeni nusu. Kama mnapata ekari 100 tu, basi trekta kubwa nalo litalima ekari 100 zile zile, na faida ni ile ile Sh. 2,100,000. Tofauti ni kwamba litamaliza kazi yote kwa siku 23 badala ya 40. Hilo si dogo, maana anayepanda mapema huvuna zaidi. Lakini faida hiyo ni ya shamba lako. Haimo katika sanduku la kikundi.

Tazameni tena ile Sh. 2,100,000. Mkigawa Sh. 24,000,000 kwa hiyo, trekta linarudisha fedha zenu baada ya miaka zaidi ya 11. Trekta hilo sasa ni mzee wa miaka 50. Je, mtasubiri? Kwa kulima peke yake trekta la kikundi halijilipi. Ndiyo sababu unayaona matrekta yamelala chini ya mikaratusi kuanzia Februari hadi Novemba, kuku wametaga juu ya kiti.

Trekta lazima lifanye kazi baada ya mavuno. Tuseme kuanzia Julai hadi Septemba linavuta tela la mahindi kutoka mashambani hadi barabarani, safari 50, na kila safari inabakiza Sh. 40,000. Hizo ni Sh. 2,000,000. Mhimili wake wa nyuma unazungusha mashine ya kupukuchua mahindi, magunia 1,500, kila gunia linabakiza Sh. 1,000. Hizo ni Sh. 1,500,000. Ongezeni ile ya kulima. Jumla kwa mwaka ni Sh. 5,600,000. Fedha zenu zinarudi katika miaka minne na zaidi kidogo. Kazi hizo za tela na kupukuchua hazihitaji farasi 75. Trekta jekundu linazimudu.

MGAWE FEDHA KABLA YA KUZITOA

Tuseme muuzaji wa Laela anataka Sh. 14,000,000 kwa trekta jekundu. Rangi yake imebabuka. Linavuja oili kidogo, na moshi wake una rangi ya buluu. Fundi amesema linahitaji ringi na slivu, Sh. 2,500,000. Jembe la sahani 2 ni Sh. 2,500,000. Tela kuukuu Sh. 3,000,000. Mashine ya kupukuchua Sh. 2,000,000. Jumla Sh. 24,000,000 kamili.

Muuzaji wa mjini anataka Sh. 16,000,000 kwa trekta la buluu. Limepakwa rangi mpya, lina matairi mapya ya nyuma. Jembe la sahani 3 ni Sh. 3,500,000. Zinabaki Sh. 4,500,000. Tela na mashine ya kupukuchua ni Sh. 5,000,000. Mmekwisha kupungukiwa, na bado hamjaweka hata shilingi ya matengenezo. Mlipofika kulikagua, injini mliikuta ina joto. Mlipoomba kurudi kesho yake alfajiri, mliambiwa yuko mteja mwingine anakuja na fedha.

Mimi ningechukua jekundu. Ugonjwa wake nimeuona kwa macho, dawa yake ina bei, na bei hiyo imo katika karatasi. La buluu linaweza kuwa zima kabisa. Linaweza pia kuwa na vitundu vya sindano ndani ya silinda, na matairi mapya hayatatibu hilo. Kama kikundi chenu kingekuwa na ekari 200, na fundi wa Ford akikaa Sumbawanga, na muuzaji akakubali tuje alfajiri, ningesema vingine.

Mkikubaliana bei, msilipe siku hiyo. Ombeni kadi ya usajili. Someni jina lililoandikwa humo. Je, ni la huyu anayeuza? Someni namba ya chasisi na namba ya injini katika kadi, halafu msome namba zilizogongwa kwenye chuma cha trekta lenyewe, tarakimu kwa tarakimu, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kwa kidole. Zikitofautiana hata tarakimu moja, ondokeni. Zikilingana, nendeni pamoja na muuzaji ofisi ya Mamlaka ya Mapato mkabadilishe jina la mwenye trekta. Katika mkataba andikeni hali ya injini, ya gia, ya haidroliki na ya matairi, kama fundi alivyoziona. Andikeni pia mambo ambayo muuzaji amesema kwa mdomo, kwa mfano kwamba gia ni nzima. Atakayekataa neno lake liandikwe, amekwisha kuwapa jibu.

Na yule mwenye jozi ya ng'ombe wa plau asiwauze mwaka huu. Wakae zizini msimu mmoja, trekta likilima, tuone.

MASWALI YA KUFANYA DARASANI

1. Bei ya kulima ikishuka kutoka Sh. 60,000 hadi Sh. 50,000 kwa ekari, na gharama zikibaki Sh. 39,000, kikundi kitapata shilingi ngapi katika ekari 100?

2. Dizeli ikipanda kutoka Sh. 3,000 hadi Sh. 3,400 kwa lita, kila ekari itabakiza shilingi ngapi?

3. Katika kijiji chenu ni nyumba ngapi zina ng'ombe wa plau? Ni nyumba ngapi zingekodi trekta, na kwa ekari ngapi? Andikeni majina.

4. Nani kati yenu atakwenda dukani na karatasi ya vipuri saba, na siku gani?